Meli ya utalii kutoka Durban, tupo sita pamoja na bibi: tuchukue chumba gani?

MamaZai_Ligula
Wanakusini salaam, na wakubwa wote shikamooni.

Mnada wa korosho ukituendea vizuri, Disemba shule zikifungwa tunataka kuwapeleka watoto Durban wakapande zile meli kubwa za kampuni ya MSC zinazokwenda pwani ya Msumbiji na kurudi. Ndege tumeshazipigia hesabu, Mtwara hadi Dar, Johannesburg, halafu Durban. Kinachoninyima usingizi ni chumba cha kulala humo melini.

Tupo sita: mimi, baba watoto, binti wa miaka 14, wa kiume wa 9, kitindamimba wa 3, na mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua. Wakala wa Dar ametupa machaguo matatu. La kwanza, chumba cha watu wanne chenye balkoni kwa ajili yetu na wale wadogo, halafu bibi na binti wapewe chumba cha ndani kisicho na dirisha, sitaha nyingine kabisa. La pili, vyumba viwili vya ndani vyenye mlango katikati. La tatu ni suti, kile chumba cha kifahari, bei yake sitaitaja hapa baba watoto asije akaisoma.

Wakala anatusukumia lile la kwanza. Nikimuuliza nafasi ananijibu "mtaenea tu mama". Kuenea hata kwenye Hiace ya Mikindani tunaenea. Nataka aliyeviona vyumba hivyo kwa macho aniambie ukweli.

KoroshoGhalani
Kwa hiyo kilo zetu mwaka huu zinakwenda kuogelea. Haya, nimekaa mkao wa kusoma.

Baharia_Shangani
Mama Zai, nimefanya kazi ya uhudumu wa vyumba kwenye meli za namna hiyo, Mediterania na Karibiani. Vitanda hivyo nimevishusha na kuvipandisha mpaka viganja vikaota sugu, kwa hiyo ngoja nikueleze.

Kwanza, picha za kwenye tovuti usizitazame. Zinapigwa mchana, kitanda kimoja kimetandikwa, kochi limekunjwa, hakuna sanduku, hakuna kiatu, hakuna mtoto. Chumba cha ndani kwenye meli nyingi kubwa kina mita za mraba 14 hadi 17. Kwa vipimo vyetu vya ujenzi ni kama chumba cha futi 12 kwa 14, ila humo humo wamekata choo, bafu na kabati la nguo. Toa hivyo, kinachobaki ni kitanda kikubwa, njia ya kupita, meza ndogo na kochi.

Sasa wanapokwambia chumba ni cha watu wanne, maana yake si kwamba wamekiongezea ukubwa. Mara nyingi ni chumba kile kile. Mtu wa tatu analala kwenye kochi linalogeuzwa kitanda, wa nne analala kwenye kitanda kinachoshuka kutoka darini au ukutani, na kukifikia lazima upande ngazi. Vikishashushwa vyote, sakafu imekwisha. Mtu akitaka kwenda chooni usiku anapita kiubavu, na wa juu akishuka anaweza kumkanyaga wa chini.

Kwa hiyo wakala muulize hivi: "Vitanda vyote vikiwa chini, sakafu inabaki kiasi gani?" Akupe na ramani ya chumba chenyewe, kwa namba yake, maana hata vyumba vya daraja moja na bei moja havilingani. Akisema hana ramani, amezoea kuuza bila kuulizwa.

Na jambo jingine: chumba cha balkoni wanapotaja ukubwa, angalia kama wamejumlisha na balkoni. Wengi hujumlisha. Unaona namba kubwa kumbe mita nne au tano za mraba ziko nje, kwenye upepo.

Mwl_Mtanda
Baharia shukrani. Mimi nipo Lindi mjini. Naomba kuuliza, je, mtu anapata mahali pa kutandika mswala?

Baharia_Shangani
Swali zuri kuliko yote, mwalimu. Mchana kochi likiwa limekunjwa, unapata mahali pa mswala mmoja kati ya kitanda na meza, inategemea kibla kimeangukia upande gani siku hiyo, kwa sababu meli inageuka. Usiku vitanda vinne vikiwa chini, hupati. Alfajiri ndipo taabu ilipo, wote wamelala na sakafu imejaa. Kwenye vyumba viwili vyenye mlango katikati, kimoja kinakuwa na watu wachache na sakafu yake inabaki wazi. Nimewahi kuhudumia familia za Kiislamu zilizopanga hivyo, chumba kimoja wanalala wengi, kingine ndicho cha swala, cha mtoto kulala mchana na cha kuwekea masanduku.

Chakula halali waandikieni kampuni mapema kupitia wakala, msisubiri kufika mezani.

Mwl_Mtanda
Basi Mama Zai, kipimo umekipata. Chumba kisichoenea mswala saa kumi na moja alfajiri hakijawaenea.

MzeeWaMikindani
Wanangu marahaba. Nimeusoma uzi huu kwa raha.

Sisi kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, safari ya Dar kwa barabara masika ilikuwa ni ya kuaga kabisa. Ndiyo maana watu wengi tulikuwa tunakwenda na meli. Canadian Spirit wakubwa wenzangu mnaikumbuka. Hapo hapakuwa na cha balkoni wala suti. Aliyejua bahari alikuwa anawahi mahali pa kukaa, na mahali penyewe ni katikati ya chombo, chini chini. Anayekaa omo, mbele ya chombo, anapanda na kushuka na kila wimbi, anayekaa tezi, nyuma, anasikia mashine na mtikisiko wa rafadha. Meli kubwa au ndogo, maji ni yale yale. Ikianza kwenda mrama, wa juu kabisa ndiye anayetapika mwanzo.

Kwa hiyo huyo bibi na huyo mtoto wa miaka mitatu watafutieni chumba cha katikati ya meli, sitaha ya chini au ya kati. Na kisiwe mbali na lifti, lakini kisitazamane nayo, watu hawalali huko wakipiga soga.

Jambo la pili, kwenye kile kisiwa cha Msumbiji mnakokwenda meli haifungi gati. Inatia nanga mbali kidogo, watu wanashushwa kwa boti ndogo. Bahari ikichafuka nahodha anaahirisha. Bibi mwenye magoti asitegemee sana kushuka, kwa hiyo chumba atakachokaa mchana kutwa kiwe na raha yake.

MamaZai_Ligula
Shikamoo mzee, hilo la boti ndogo hakuna aliyeniambia. Asante sana.

Ila balkoni jamani. Baba watoto ameshaiona kichwani, anasema hawezi kulipa fedha zote hizo akalale kwenye chumba kisicho na dirisha.

DadaWaMasasi
Hapo namuunga mkono shemeji. Sisi tulipanda na watoto wawili, tulichukua balkoni. Watoto wakishalala saa tatu usiku taa inazimwa, na ninyi wazazi mtafanyaje? Kwenye chumba cha ndani mnakaa gizani mnaminyana simu. Kwenye balkoni mnafunga kioo mnakaa nje mnaongea. Kwangu mimi hiyo ndiyo nafasi, wala siyo sakafu. Na cha ndani kina giza la kutisha, ukiamka hujui kama ni saa mbili asubuhi au saa nane usiku.

Baharia_Shangani
Dada wa Masasi, kwa watoto wawili nakubaliana nawe bila ubishi. Wazazi wawili, watoto wawili, balkoni inafaa. Mama Zai ana sita, na mmoja ni bibi asiyepanda ngazi, mwingine ni binti wa miaka 14 ambaye kubadilisha nguo mbele ya baba yake hawezi. Chooni ndipo atakapohamia, na choo ni kimoja.

Choo kwa kweli kinanishangaza kwamba watu hawakiulizii. Asubuhi mnataka kwenda kunywa chai, wanne mnasubiri mlango mmoja. Meli za Disney zilikuja na dawa yake tangu zamani, vyumba vyao vingi vina sehemu mbili: upande mmoja bafu na sinki, upande wa pili choo na sinki. Carnival nao kwenye baadhi ya meli wana vyumba vya watu watano vyenye mabafu mawili. Lakini hizo hazitoki Durban. Kwa safari ya Mama Zai, njia ya kupata vyoo viwili ni vyumba viwili.

Hiyo balkoni nayo ina habari yake kwa mtoto wa miaka mitatu. Reli ni ndefu na mlango ni mzito, kweli, ila kuna viti na kameza, na mtoto wa umri huo anajua kusogeza kiti. Tulikuwa tunawaomba wazazi wafunge kwa komeo la juu na viti wavilaze. Ukiwa na balkoni unakuwa na zamu ya ulinzi.

Kama shemeji hawezi kuishi bila kuona bahari, kuna vyumba viwili vya balkoni vinavyopakana, ukuta wa katikati huko nje mhudumu anaweza kuufungua na balkoni zikawa moja ndefu. Wengi hawajui kwamba inaombwa tu. Bei ndiyo hiyo sasa.

DadaWaMasasi
Hapo kwenye binti wa 14 umenikamata. Wangu walikuwa wadogo.

Mhasibu_Nachingwea
Naona hakuna aliyegusa bei na hapo ndipo mawakala wanapowachanganya watu.

Nauli ya meli hizi haihesabiwi kwa chumba, inahesabiwa kwa kichwa, watu wawili kwa chumba. Wawili wa kwanza wanalipa nauli kamili hata kama mmoja wao ni mtoto. Wa tatu na wa nne wanalipa pungufu, na msimu mwingine kampuni hutangaza kwamba mtoto akilala na watu wazima wawili halipi nauli, analipa tozo za bandari na makato mengine tu.

Tufanye nauli kamili ni 100. Chaguo la kwanza la Mama Zai: chumba cha wanne wawili wanalipa 100, chumba cha bibi na binti wawili wanalipa 100. Jumla wenye nauli kamili ni wanne. Chaguo la pili, vyumba viwili watatu watatu: tena ni wanne. Idadi ile ile! Tofauti inayobaki ni daraja la chumba, na cha ndani ni rahisi kuliko balkoni. Kwa hiyo wakala akikwambia vyumba viwili vyenye mlango katikati ni ghali, ni kweli kwa familia ya wanne, kwa sita si kweli.

Mtego upo kwenye majina. Ukiandika bibi, binti na kitindamimba chumba kimoja, humo hakuna watu wazima wawili, kwa hiyo ofa ya mtoto inaweza isikubali. Mwambie wakala kwenye karatasi aandike baba, mama na wadogo wawili chumba kimoja, bibi na binti cha pili, kama chumba cha kwanza kina vitanda vinne. Mkishaingia melini mnalala mnavyojua wenyewe.

Na kila chumba kwenye karatasi lazima kiwe na mtu mzima, wengine wanataka awe wa miaka 21 kwenda juu. Bibi anatosha.

Baharia_Shangani
Mhasibu yuko sahihi. Nyongeza tu: kadi ya mlango inafungua chumba kilichoandikwa jina lako. Mkifika nendeni mapokezi mkaombe kadi za ziada ili mama aingie kwa bibi na mtoto aingie kwa mama. Lile jaketi la kuokolea la mtoto nalo liwe kwenye chumba anacholala kweli, na mjue mahali pa kukusanyikia wakati wa dharura pa vyumba vyote viwili. Kwa kawaida vyumba vinavyopakana vinapangiwa mahali pamoja, lakini hakikisheni.

KijanaMsimbati
Mimi nimeona mtandaoni ile Icon of the Seas, kuna nyumba nzima ya ghorofa tatu ndani ya meli, mtoto anateleza kwenye bembea la kuteremkia kutoka juu hadi sebuleni. Mama Zai chukua hiyo.

KoroshoGhalani
Hiyo siyo mnada wa kwanza, hiyo ni ghala zima pamoja na mlinzi.

Baharia_Shangani
Ipo kweli, inaingiza watu wanane, na meli yenyewe ilianza kazi mwaka 2024 huko Florida. Bei yake haina mazungumzo. Kitu cha maana zaidi kwa familia kubwa za kawaida ni meli mpya za MSC, kama Meraviglia, zina vyumba vilivyojengwa ili viunganishwe viwili hata vitatu, mpaka watu kumi. Ila nazo mara nyingi ziko Ulaya na Karibiani. Durban wanaleta meli za zamani kidogo, ambako vyumba vyenye mlango wa katikati si vingi. Ndiyo maana nasema wahini.

MamaZai_Ligula
Nimempigia wakala. Anasema vyumba vya mlango katikati "mfumo unakataa", halafu anasema kuna bei nafuu ambapo kampuni ndiyo inatuchagulia chumba baadaye. Nikubali?

Baharia_Shangani
Hiyo bei nafuu usiiguse. Ni nzuri kwa mtu mmoja au wanandoa wasiojali. Kampuni inakupa chochote kilichobaki, na ukiwa na vyumba viwili hakuna anayekuahidi kwamba vitakuwa jirani. Unaweza kukuta bibi yuko sitaha ya tano omo, wewe uko ya kumi tezi. Namba za vyumba zote mbili ziandikwe kwenye uthibitisho kabla hujatoa shilingi.

Kuhusu mfumo kukataa: wakati mwingine ni kweli. Chumba kinaweza kuwa na vitanda vinne na kipo wazi, lakini mfumo ukakataa watu wanne, kwa sababu kila eneo la meli lina boti zake za uokozi na idadi yake ya watu. Eneo likijaa wasafiri wa tatu na wa nne, vyumba vilivyobaki hapo vinauzwa kwa wawili tu. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912 dunia ikaweka mkataba wa usalama wa bahari mwaka 1914, na hadi leo hawachezi nao. Mwambie ajaribu upande wa pili wa meli au sitaha nyingine, na watatu watatu badala ya wanne na wawili. Tarehe nayo isogezeni. Wiki ya Krismasi kila familia ya Afrika Kusini inatafuta hivyo hivyo, mapema Disemba inapumua kidogo.

MwanaKilwa
Natoka nje ya mada kidogo. Hizi meli za watalii zinazotia nanga hapa Kilwa kuja kuangalia magofu ya Kisiwani, hazichukui watu wa huku?

MzeeWaMikindani
Hizo ni ndogo, za wazee wenye fedha zao. Vyumba vya watu wawili wawili, watoto hamna. Waache waje waone magofu, walipe ada, waende.

AfisaMtarajiwa
Nadokeza karatasi tu. Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida haombi viza ya matembezi kwenda Afrika Kusini, ila kila mtoto awe na pasipoti yake, na bebeni vyeti vya kuzaliwa vinavyoonyesha majina ya wazazi wote wawili. Mzazi mmoja akibaki, mwingine abebe barua ya ridhaa. Kwa wenye watoto wachanga, kampuni nyingi hazichukui mtoto aliye chini ya miezi 6.

MamaZai_Ligula
Jamani, wakala kapata! Viwili vya ndani, mlango katikati, sitaha ya kumi na mbili, katikati ya meli, lifti hatua chache. Baba watoto ananung'unika balkoni lakini hesabu za Mhasibu zimemtuliza. Nilipe?

Baharia_Shangani
Fungua ramani ya sitaha uangalie juu yake pana nini.

MamaZai_Ligula
Sitaha ya 13, ukumbi wa chakula cha kujihudumia na bwawa.

Baharia_Shangani
Usilipe. Saa kumi na moja alfajiri wahudumu wanaburuta viti na mikokoteni ya vyombo juu ya kichwa cha bibi, na vitanda vya kuotea jua vinapangwa. Nilikuwa napokea malalamiko ya vyumba hivyo kila safari na sina la kufanya isipokuwa kutoa pole. Tafuta sitaha ambayo juu yake ni vyumba na chini yake ni vyumba. Ukumbi wa muziki usiwe chini yako pia, huo unaisha saa nane usiku.

MamaZai_Ligula
Amerudi na sitaha ya tisa, juu vyumba, chini vyumba. Bado katikati ila lifti ni mbali zaidi, kama vyumba kumi na tano hivi.

MzeeWaMikindani
Bibi atatembea pole pole, korido zina vishikio vya mikono pande zote. Chukua huko.

Baharia_Shangani
Lipa. Halafu mambo madogo. Masanduku yanaingia chini ya kitanda, chagueni laini siyo yale magumu. Kuta za vyumba ni za chuma, kwa hiyo nunueni vile vibanio vya sumaku, mnaning'iniza taulo, kofia na mabegi ya watoto ukutani na sakafu inapona. Soketi ni chache, na zile ekstensheni za kuzuia umeme mkubwa zinachukuliwa getini, pamoja na pasi na jagi la kuchemshia maji, mnarudishiwa mkishuka. Kitanda cha mtoto wa miaka mitatu waombeni wafunge kizuizi pembeni.

Chumba cha bibi mwambieni mhudumu siku ya kwanza asishushe kitanda cha juu kabisa, na kochi alikunje kila asubuhi. Asiposikia mkumbusheni, ana vyumba vingi vya watu.

MamaZai_Ligula
Bibi anauliza kama anaweza kubeba jiko la mchina achemshe chai yake ya tangawizi.

Baharia_Shangani
Moto hapana, kabisa. Tangawizi abebe, maji ya moto yapo sitaha ya juu mchana na usiku, na huyo binti wa 14 ana miguu.